Anayepiga Ngoma kwenye Santuri Yetu

Barabara ya Coble 31,
South Shields.
9 Novemba 2024

Mpendwa Gillian,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wa huku. U hali gani, mwanangu? Wajukuu hawajambo? Na joto la Adelaide limeanza? Mimi pumzi imekuwa haba. Naandika mistari mitano, napumzika. Daktari amenieleza wazi, nami nimemwelewa.

Asante kwa picha. Nimeona santuri yetu ndogo ya mwaka 1963, ile ya nyimbo nne, umeitundika ukutani na chini yake umeandika: “Baba akipiga ngoma.” Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niombe kalamu.

Anayepiga mle si baba yako.

Baba yako Des alipiga nyimbo zote nne asubuhi ya kurekodi kule London, akawahi treni ya mchana kwa sababu ya zamu yake kwenye karakana ya meli. Alipotoka tu, msimamizi wa studio akasema ngoma zinakimbia mbele ya wimbo. Akaletwa mpigaji wa kukodiwa, mzee mwenye miwani, tukarekodi upya zote. Wenzetu wawili wa bendi waliniachia mimi nimweleze mdogo wangu, maana ndimi niliyesoma. Sikumweleza. Na maelezo ya nyuma ya jalada niliyaandika mimi: “Ngoma: Des Hedley.”

Santuri ilipotoka, mama alialika majirani. Des alisikiliza, akanipiga kofi begani.

“Sikia hiyo, Wilf! Nimetulia kama kasisi! Na wewe ulikuwa unasema nakimbia kama mwizi wa makaa!”

“Hata mwizi ana siku ya kupumzika,” nikamjibu. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Kuanzia hapo kila Jumapili alijifungia bandani na santuri ile, akijaribu kupiga kama alivyodhani amejisikia mle. Hakuweza. Kwenye dansi akawa anasita, anaangalia mikono yake. Baada ya miezi minne aliwapa ngoma zake vijana wa kanisani, akaja jikoni kwangu.

“Mkono ule nilikuwa nao siku moja tu, Wilf. Umeniacha.”

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikanywa chai yangu.

Hakushika ngoma tena. Siku zake za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake wiki mbili, tukiwa peke yetu, nikamsomea gazeti.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani mna santuri ya majaribio ya asubuhi ile, yenye ngoma za baba yako mwenyewe, niliyoificha nyuma ya vitabu miaka yote hii. Ni laini, sindano inaila kila inapopita, kwa hiyo usiipige mara nyingi. Mimi nimeipiga mara nne. Mwanzoni utamsikia akihesabu moja, mbili, tatu, nne, na kabla ya kufika nne ameshaanza kukimbia. Ana miaka kumi na tisa, anakimbia kwa furaha. Ni nzuri kuliko ile iliyouzwa. Nililijua hilo siku ileile.

Maneno ya ukutani uyafute au uyaache. Ni juu yako. Usipokuwa na la kunijibu, sitakulaumu.

Nisalimie mumeo Trevor, na binti yako Bronwyn na wanawe. Shangazi yako Edna anakusalimu sana. Yeye hajui haya. Mungu akutunze na kukupa usingizi mwema.

Ni mimi ninayekupenda, niliyempenda na yeye nikanyamaza,
Baba yako mkubwa,
Wilfred