Ukuta wa Upande wa Mvua

Bremen, Novemba

Mdogo wangu Volkmar,

Nimezeeka, lakini akili bado ni yangu. Wauguzi wametuletea supu ya kabichi tena, na mvua haijakatika tangu Jumapili.

Unakumbuka ulivyomtoa Mama nyumbani kwake? "Matofali haya ya kale yana baridi, Dada, yatamuua." Akafia kwenye makao ya wazee, akiulizia chumba chake. Wiki tatu baada ya mazishi ukahamia nyumba yake, ukanipigia simu ukicheka: "Haya, mhandisi wetu, bibi kanuni! Ukuta niuvishe nini kwa ndani nipate joto?"

Jibu nililijua. Mbao laini za nyuzi za miti, zigandishwe kwa udongo bila kuacha mwanya, kisha lipu ya chokaa, ili matofali yaliyolowa mvua yaweze kukaukia ndani. Lakini kwa makusudi nikakwambia kinyume: "Weka sufu ya nyuzi za kioo, funika kwa nailoni, ziba kila tundu."

Ukaniamini. Miaka kumi na minne ukuta unakunywa mvua na hauna pa kuitolea. Ncha za boriti za sakafu ya juu zimo ndani yake, zinaoza. Kila Krismasi ulilalamikia uvundo na kufungua madirisha, nami nikaomba kipande kingine cha keki.

Sasa binti yako Wiebke anasema mwanawe atahamia chumba hicho cha Mama, kule juu. Ita fundi leo, abandue nailoni na akague boriti, sakafu isije ikaporomoka, kabla mtoto hajalala humo.

Ungekuwa unalala humo wewe peke yako, ningekufa kimya.

Dada yako,
Gerlinde