Neno Alilojibiwa Baba Siku ya Tuzo

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya nyuma ya ghala la mbao,
Tarehe 14, mwezi wa saba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto, bado wanakataa kuvaa soksi? Sisi huku wazima, uzima wa kupumua tu. Presha ya mama inapanda ikitaka na kushuka ikitaka. Dawa anakunywa, ila mpaka nisimame mlangoni nimkodolee macho. Mimi miguu inavimba jioni kwa kukanyaga cherehani, lakini nani ataniuliza?

Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara ngapi, bwana wewe? Kila nikimtaja Kinyozi, unakata. Nikirudia, hupokei. Basi nimeandika, maana barua hata ukiitupa kapuni utairudia kuiokota. Nimempa jirani yetu muuguzi anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, tafadhali. Hasira zako nazijua, tumenyonya ziwa moja.

Siku ile ya tuzo ya baba umeelezwa vipande vipande, na kila aliyekueleza ametia chumvi yake. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Unajua baba alipostaafu ufundi bomba, ile bustani ya mto ndiyo ikawa ofisi yake. Kila Jumamosi buti za mpira, glavu, kamba begani. Mtaa mzima ukamwita Mzee Buti, naye akafurahi kama aliyepewa cheo. Yeye na wenzake walipanda matete mpaka kingo zikaacha kumomonyoka. Chini ya daraja la waenda kwa miguu alifunga wavu wa kuzuia taka, kaufuma mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuwapa hata nauli.

Walikuwa na utaratibu wao, na huo haukuwa na mjadala. Wanakwenda wawiliwawili. Mmoja anaingia majini kamba ikiwa kiunoni, mwenzake anabaki ukingoni kaishika. Anayeingia anasema, "Nishike." Wa ukingoni anajibu, "Nimekushika." Pasipo jibu hakuna kuingia. Na aliyeshika kamba haruhusiwi kupokea simu, wala kusalimiana na mpita njia, wala kujikuna. Mwenzake baba alikuwa Kinyozi, miaka yote hiyo. Baba hakuwa na desturi ya kugeuka kumtazama. Akishasikia jibu, anaingia.

Halmashauri ikaamua kuwatuza. Ni jambo jema, nani atakataa? Wakaleta turubai, viti vya plastiki, spika kubwa kama kabati, na mshereheshaji mwenye suti ya kumetameta. Wenyewe wakaambiwa waje na vifaa vyao ili wageni waone. Nilimshonea baba shati jipya, lakini buti akagoma kuvua. Mama akamuuliza, "Utapokea tuzo kama mtu anayekwenda kuzibua choo?" Akajibu kwamba tuzo yenyewe ni ya kuzibua. Tulicheka sana asubuhi ile, mdogo wangu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Wageni wakagawiwa maji ya chupa. Wakanywa, chupa wakaziacha kwenye majani, upepo ukazisukuma mtoni. Hebu fikiria! Sherehe ya kuwashukuru wanaosafisha mto, na mto unajaa chupa za sherehe hiyohiyo. Nilikaa nyuma ya baba, nikawa naona shingo yake ikigeuka kila chupa inapopita. Zilikuwa zinakwenda kujazana kwenye wavu wake. Hotuba ya tatu haijaisha, akanyanyuka, akachukua kamba, akateremka.

Sasa hapa naomba usome polepole. Kinyozi alinyanyuka kumfuata. Nilimwona kwa macho yangu, hakuna aliyenisimulia. Alikuwa ameshapiga hatua mbili pale mshereheshaji alipomdaka mkono na kumpandisha jukwaani, watu wakipiga vigelegele. Hakung'ang'ana, kwa sababu alijua kitu kimoja kwa hakika: Mzee Buti haingii majini bila kujibiwa. Angemsubiri pale ukingoni hata mpaka magharibi.

Mshereheshaji akampa kipaza sauti, akamwambia awaeleze wageni wanavyofanya kazi. Kinyozi akaeleza. Mto haukuonekana kutoka pale, turubai lilikuwa limeuziba. Akasema, "Mwenzangu ananiambia nishike, nami namjibu," kisha akaliita lile neno kwa sauti yao ya kazini: "Nimekushika!" Spika zikalipeleka mpaka ng'ambo. Tukapiga makofi, mama pamoja nasi.

Fundi viatu, ambaye naye ni wa kundi lao, alikuwa karibu na ukingo. Alimsikia baba akisema "Nishike" kama kawaida yake, uso umeelekea majini. Na baba akajibiwa, na sauti ni ya mtu yuleyule aliyemjibu miaka yote. Akaingia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji mekundu, yanakwenda kwa fujo. Fundi viatu alipotazama kwenye majani, ncha ya kamba ilikuwa inakimbia peke yake.

Alikutwa kwenye wavu wake. Zaidi ya hapo siandiki, utanisamehe.

Wiki iliyofuata akaja afisa na cheti chenye fremu. Akatuambia ajali haina kinga. Mama akamuuliza kwa upole kabisa kama zile chupa zimeshaokotwa. Afisa akaaga. Cheti kiko nyuma ya kabati, na hakuna aliyekigusa.

Sasa tuje kwako. Ulipopigiwa simu ya msiba, ulisema Kinyozi asikanyage makaburini. Nakuelewa, ulikuwa mbali, ndege hukupata, uchungu ulikuwa umekukaba na ulihitaji mtu wa kumpiga jiwe. Lakini ulimi hauna mfupa. Wewe ndiye mtoto wa kiume pekee, na baba mkubwa akalibeba neno lako kama amri. Tulimzika baba huku mtu aliyeshika uhai wake kila Jumamosi amesimama barabarani, ng'ambo ya ukuta, kofia mkononi. Jua lilimchoma mpaka tukamaliza. Nakuambia kweli, niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Tangu siku hiyo kibanda chake cha kunyolea kimefungwa. Wateja wanagonga, wanaondoka na nywele zao. Kundi lenyewe limesambaratika. Fundi viatu anasema hawezi tena kulisikia lile neno, na wengine wanapita njia ya mbali wasiuone mto. Mama amemwita Kinyozi nyumbani, akamwambia hana kinyongo naye. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka bila kugusa chai. Kwa hesabu yake, msamaha wa mama ni huruma ya mjane tu. Aliyemfukuza ni wewe.

Na kinachonikosesha usingizi ni hiki. Kila Jumamosi anakwenda mtoni peke yake. Anajifunga kamba, ncha anaiacha kwenye majani, anasema "Nishike," anatega sikio, halafu anaingia. Muuza magazeti alimwona mara ya kwanza, akadhani mzee wa watu amerukwa na akili. Mimi nilipopata habari nilijua si wazimu. Anamngoja mtu asiyemjibu. Au anangoja mto ufanye kwake ulivyofanya kwa baba.

Jumamosi iliyopita nilifunga cherehani nikaenda. Nilimkuta ameshajifunga, yuko ukingoni. Nikaiokota ncha ya kamba nikaizungusha mkononi. Hakuwa ameniona. Akasema, "Nishike." Wallahi mdogo wangu, lile neno sikuweza kulitamka. Nikaivuta kamba tu, ajue ina mtu.

Akageuka. Sijawahi kuona uso kama ule na nisingependa kuuona tena. Amekonda, mashavu yamezama, na ndevu kinyozi mzima hajanyoa. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, mdogo wako amesemaje?"

Ningemjibu nini? Kwamba nikikutajia jina lake unakata simu? Alikuwa na hatua moja tu kuyafikia maji, na mikono yangu hii ni ya sindano, haimzuii mtu mzima. Nikamwambia umesema utampigia. Nikamwambia umejutia yale uliyoyasema, ila unaona haya, ndiyo maana umechelewa. Nilisema vizuri mpaka mwenyewe nikaamini.

Akafungua kamba. Fundo lilimshinda, ikabidi nimsaidie. Akakaa kwenye majani, akalia kwa sauti, mtu mzima vile, wapita njia wakageuza nyuso. Kisha akanipa namba yake, kwa kuwa alihofu umeipoteza. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Baba mkubwa anakusalimu na bado anajiona hakimu. Shangazi anasema picha za watoto hazijafika. Mwambie wifi gauni lake liko tayari, nimeacha upenyo kiunoni asije akanilaumu. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi isiyokuumiza na moyo usiokuchoma.

Nimekusemea uongo, mdogo wangu, na Kinyozi ameupokea kama dawa. Tangu Jumamosi ile anakaa mbele ya kibanda kilichofungwa, simu kaiweka pajani. Kila siku ananiuliza huko kwenu sasa ni saa ngapi, asije akaenda msalani ukapiga. Nimemwambia una kazi nyingi. Sitaweza kumwambia hivyo kwa muda mrefu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza.