Funguo za Depo

Stanleyville, Jumanne.

Sikupenda namna alivyotutazama tukila. Shefu mpya wa depo, aliyechukua nafasi ya yule Mbelgiji, alituwekea sisi wapakiaji wanne liboke moja la samaki, waliochomwa ndani ya majani, kisha akakaa pembeni bila kula. Aliangalia nani anawahi, nani anangoja, nani anamgawia mwenzake.

Halafu akatupangia kazi, mwenye haraka na mwenye subira pamoja. Bon, magunia yalipakiwa bila ugomvi. Hilo nakubali.

Kwangu akasema, "Papa, weye iko mutu ya kunyamaza. Utashika funguo ya depo."

Wenzangu walinipongeza. Mimi nilimwaza Papa Asumani, aliyezishika kabla yangu. Waasi walipokuja kuzitaka, shefu huyu huyu aliwaelekeza nyumbani kwa Asumani. Walimchukua, na hajarudi.

Naye alikuwa mtu wa kunyamaza.