Nilichokisoma Mstarini

Jumatatu, 14 Julai

Zamu yangu wiki hii. Kengele saa moja kasoro robo. Baridi imeshuka kutoka mlima Kwaraa, vidole havishiki chaki. Wachelewaji kumi na saba, wengi wa kijiji cha Sigino, kama kawaida. Wamefagia uwanja.

Nimekagua mabegi ya Kidato cha Tatu. Nimepata chupa moja ya mafuta ya nywele, rangi ya mdomo, na daftari la Paskalina. Nilidhani ni la Kiswahili. Kurasa arobaini na kitu, zote tamthilia za Kikorea. Nani kampenda nani, nani kamdanganya nani. Memori kadi imebandikwa kwa selotepu kwenye jalada la nyuma.

Nililisoma mstarini, mbele ya shule nzima. Niliigiza sauti ya kike. Walicheka sana, hata walimu. Nikamuuliza, "Mtihani wa Taifa watakufanyia hao Wakorea?" Wakacheka zaidi.

Hakulia. Aliangalia viatu vyake.

Siku nzuri kwa ujumla.


Jumanne, 15 Julai

Mwalimu Zuhura wa Jiografia anasema ningefaa kuwa muigizaji. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Paskalina hajaja.


Jumamosi, 19 Julai

Mke wangu, Mama Eliya, yuko sokoni. Nimeingiza ile memori kadi kwenye simu yangu. Nilijiambia ni ushahidi, lazima mwalimu ajue kinachowaharibu watoto. Nimeangalia episodi sita mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi. Ushahidi gani huo wa episodi sita.

Maoni yangu, nikiwa mtu aliyefundisha fasihi miaka ishirini na sita:

Sadfa zimezidi. Mji wa mamilioni ya watu, na bado wawili wale wale wanagongana kila kona.

Tafsiri ni balaa. Mwanaume mmoja anasema sauti zote. Binti analia, yeye anatamka "nisamehe mama" kama mtu anayeita abiria stendi. Ngeli hazijui. "Machozi yake inatoka."

Wanakula mno. Kila jambo zito linasemwa mbele ya bakuli.

Kisa chenyewe: binti wa muosha vyombo mgahawani amepata nafasi kwenye shule ya matajiri. Anawaambia wenzake kwamba mama yake alikufa. Siku moja wenzake wanampeleka kula kwenye mgahawa ule ule. Mama anawahudumia. Binti anamwita "wewe."

Nilimdharau yule mama. Mjinga, haoni anachofanyiwa. Mhusika bapa.

Nitaendelea kesho, kwa uchunguzi.


Jumapili, 20 Julai

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria episodi ya saba.

Usiku huu nimemaliza zote kumi na sita. Mama Eliya alinikuta sebuleni saa kumi jioni, uso umelowa. Nilisema ni mafua. Aliangalia simu, akaniangalia, akaenda zake jikoni. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na nimemdanganya kwa sababu ya Wakorea.


Jumatano, 23 Julai

Leo nimelisoma daftari kwa mara ya kwanza. Mstarini sikulisoma. Nilichagua mistari ya kuchekesha tu.

Ukurasa wa kumi na moja ameandika hivi: "Watu wanasema huyu mama ni mjinga. Si kweli. Episodi ya nne, kabla binti hajaingia na wenzake, mama anaficha mikono chini ya aproni. Hajaambiwa afiche. Anajua kwamba mwanawe anamkana, na anamsaidia kumkana."

Nilirudia episodi ya nne. Ni kweli. Sekunde tatu hivi. Mikono inaingia chini ya aproni, ndipo mlango unafunguka.

Mtoto wa miaka kumi na sita. Mimi niliandika "mhusika bapa."

Kuna mengine. Kuhusu tajiri anayeinama mbele ya kamera kuomba radhi, ameandika kwamba anainama chini kabisa ili uso wake usionekane. Kuhusu yule mtafsiri, ameandika: "Anafanya kazi ya watu kumi na mbili peke yake, ndiyo maana hana muda wa kulia." Sikuwahi kufikiri hivyo.

Nimekumbuka mstari nilioupigia sauti nyembamba. Shule nzima ilipiga makofi kwa mstari ule. Nimeutafuta. Ulikuwa huu: "Nikimuona yule mama namkumbuka mama yangu anavyosimama nje ya geti siku ya kikao cha wazazi."

Naona haya. Sina neno lingine.


Ijumaa, 25 Julai

Nimefanya jambo baya kuliko lile la kwanza.

Wakati wa chai ofisini, Zuhura na mwalimu wa Historia walikuwa wakibishana kuhusu tamthilia hiyo hiyo. Kumbe nusu ya walimu wanaziangalia. Zuhura akasema yule mama ni mjinga. Nikasema, "Hapana. Tazama mikono yake episodi ya nne." Nikaeleza yote. Aproni, mlango, kumsaidia mwanawe kumkana.

Zuhura akasema, "Mwalimu, wewe una jicho."

Nikasema asante.

Nilikunywa chai yote. Daftari lilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu.


Jumatatu, 28 Julai

Wiki mbili Paskalina hajaonekana. Mwalimu wa darasa lake anasema amegoma shule. Mama yake amechoka kumbembeleza, na mbaazi zikishavunwa atampeleka Kondoa kwa shangazi yake akakae dukani. Kwa maneno mengine, shule basi.

Mwalimu wa darasa anasema hajui sababu. Alisema, "Wasichana wa siku hizi." Mimi nikaitikia kwa kichwa.


Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Sigino.

Acha niandike kama ilivyokuwa.

Mama yake, Mama Danieli, alikuwa uani anapiga mbaazi kwa fimbo. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alitupa fimbo, akakunja magoti kidogo, "Shikamoo mwalimu." Alinitolea kiti pekee cha plastiki. Alimwita Paskalina alete chai. Paskalina aliweka kikombe bila kuinua macho.

Kisha mama akanishukuru. Kwa moyo wote. Anasema alisikia tu kwamba binti alikamatwa na daftari la upuuzi na mwalimu akamwadhibu. "Na mimi nilimchapa, mwalimu. Pale ulipoishia wewe, mimi nikamalizia. Tunawashukuru, mnatulelea."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimetoka nyumbani Maisaka kwa bodaboda kwa sababu hiyo tu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Arudi shule, Mama Danieli." Basi. Nikamaliza chai. Aliniwekea mbaazi kwenye mfuko wa rambo, kama kilo mbili, na nikazipokea.

Paskalina alitumwa anisindikize hadi barabarani. Nilimpa daftari na kadi yake. Nikamwambia nimelisoma, nilikosea, ni zuri. Nilimwambia na lile la ofisini, kwamba nimesifiwa kwa maneno yake. Daftari alilipokea kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa.

Tulitembea. Halafu akasema, "Mwalimu, mama hujamwambia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha kitu kilichosahauliwa mezani.

Nilirudi. Nilisimama uani, safari hii sikukaa. Nilimwambia Mama Danieli kila kitu: sauti ya kike, makofi, mstari wa geti. Nikamwambia mstari ule ulimhusu yeye, na kwamba shule nzima ilicheka.

Nikadhani hajaelewa. Kisha akasema, "Mimi nilimchapa kwa neno lako, mwalimu."

Nikasema, "Ndiyo."

"Alikuwa ananieleza. Sikumsikiliza."

Akaokota fimbo, akaendelea kupiga mbaazi. Hakuniaga. Nilirudisha mfuko kwenye kile kiti cha plastiki. Bodaboda hazikuwepo, nikatembea hadi lami.

Paskalina alikuwa bado barabarani. Nikamuuliza nifanye nini zaidi. Mimi, mwenye miaka hamsini na miwili, namuuliza mtoto. Akasema, "Ulisoma mstarini. Nadhani useme mstarini."


Jumatatu, 4 Agosti

Nimesema. Haikuwa hotuba. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, nikaukunja nikautia mfukoni.

Nilisema nilisoma daftari la mwanafunzi bila ruhusa na nikafanya mzaha na mama yake. Nikasema nilikosea. Nikasema na maneno niliyoyasema ofisini kuhusu mikono ya yule mama si yangu, ni ya Paskalina. Zuhura aliangalia pembeni.

Sikuinama. Nilikumbuka yale ya kamera.

Halafu sauti huko nyuma, Kidato cha Nne: "Oppa!" Ndivyo wasichana wa Kikorea wanavyowaita kaka zao na wapenzi wao. Shule nzima ikalipuka.

Mkuu aliniita. Anasema nimeshusha hadhi ya walimu wote. Anasema mwalimu akikosea hurekebisha kimya kimya. Huenda ana haki. Nilimwambia nimeelewa.

Paskalina hakuwepo. Nilisema kwa nafasi tupu mstarini.


Jumatano, 6 Agosti

Amekuja. Mama yake alimfikisha hadi getini, akaingia naye ndani, hadi mlango wa darasa. Nilimuona kutoka dirisha la ofisi. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Sikutoka. Sikustahili kusalimiwa.

Oppa imeenea. Hata muuza maandazi ananiita hivyo. Mama Eliya amesikia gengeni, akanicheka, halafu akaniuliza kweli ilikuwaje. Nikamwambia yote, pamoja na yale mafua. Alisema, "Mimi najua tangu siku ile. Nilikuwa nasubiri." Sijui alikuwa anasubiri nini.


Ijumaa, 15 Agosti

Nasahihisha insha za Kidato cha Tatu. Swali: mjadili mhusika mmoja mkuu katika tamthilia tuliyoisoma darasani. Nilipoweka swali nilijidanganya kwamba sikumlenga mtu.

Ya Paskalina ni kurasa tatu. Mwandiko safi. Sifa tano za mhusika, kila moja na mfano wake. Utangulizi, kiini, hitimisho. Nimezitambua sentensi zote. Ni zangu, nilizoziandika ubaoni Machi, amezirudisha zote kwa mpangilio, hakuna hata moja iliyoongezwa.

Nilishika kalamu nyekundu nikaanza kuandika pembeni, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Nikafika kwenye "mwenyewe" nikasimama: aliyoyaona mwenyewe niliyasoma mstarini. Nikafuta kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke.

Nimempa kumi na saba kwa ishirini. Ni alama yake halali, hakuna pa kusahihisha.

Zimebaki insha thelathini na moja. Nje upepo umetulia, naweza kusikia wanafunzi wa masomo ya jioni wakisoma pamoja kwa sauti.