Ng'ombe wa Mama Weisiko

Nyakunguru, Tarime

Kaka Nashoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Eunice na watoto, na kwamba mahindi ya Kenyamonta mmeyaingiza ndani kabla mvua haijayaharibu. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Ujumbe wako niliupata. Unasema nirudi nyumbani, kwa kuwa mama Weisiko aliyenioa amenisahau, basi hakuna wa kunishika. Unasema hata mwanangu Werema amehamia kwenye mashimo ya dhahabu, sasa namlindia nani nyumba. Ni kweli, kaka. Werema akija ananawa vumbi, anakula, analala, anaondoka. Kijiji kizima kiko mashimoni. Mchana nikitaka kuongea, naongea na kuku.

Ndiyo maana nilijitolea kuongoza kile kikundi ulichokicheka. Muuguzi wa zahanati alituita sote tunaouguza wazee waliopotewa na kumbukumbu, akauliza nani ataongoza. Waliposikia hakuna posho, wengi walikumbuka mifugo yao. Nikanyoosha mkono. Usinisifu, nilitaka tu pa kwenda kila Alhamisi.

Tunakutana kwenye banda la kanisa. Yupo Simoni, ambaye baba yake alikuwa mchimbaji; siku hizi mzee anachimba uani akitafuta dhahabu, na Simoni anafukia jioni ili mbuzi wasivunjike miguu. Yupo Kauthar wa duka la vitenge. Mumewe humkaribisha kila asubuhi kama mteja, na humpunguzia bei. Tunacheka sana, kisha mmoja analia na wengine tunatazama chini. Nawafundisha alivyonifundisha muuguzi: usibishane na mgonjwa, mfuate huko aliko. Nasema vizuri kweli. Nikirudi nyumbani mama ananiuliza mimi ni mgeni wa nani, nami naenda kulilia jikoni.

Kwake mimi ni msichana wa kumwogesha tu. Hakumbuki kwamba alikosa mtoto wa kiume, akapeleka ng'ombe kwetu, akanioa nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, ili nimzalie watoto wa kuitwa kwa jina lake. Wewe ng'ombe wale unawakumbuka, maana ndio waliomleta wifi. Watu walimwonyesha wasichana wengine, wenye nguvu kuliko mimi. Akasema anamtaka huyu anayecheka. Maishani mwangu hakuna mwingine aliyewahi kunichagua, kaka, na inaniuma kwamba sasa hilo nalikumbuka mimi peke yangu.

Nikuambie jambo ambalo hata kikundi sijakiambia. Nilikuwa nimekubali kurudi. Nguo nilishazifunga kwenye kanga, na Alhamisi nilitaka kumkabidhi Simoni uongozi. Jumanne nilikuwa nampaka mama mafuta miguuni. Akauliza kama nina mume. Cha kujibu nilikijua, ndicho ninachowafundisha wenzangu. Nikatikisa kichwa kwamba sina.

Akasema, "Mtoto wa kiume sikupata, na sitaki nyumba yangu ife. Ng'ombe ninao. Wewe una mikono mizuri. Utakubali nikuoe?"

Zizi letu ni tupu miaka mingi sasa. Nikamwambia nakubali. Akashika mkono wangu wenye mafuta, akauliza kwetu apeleke neno kwa nani. Nikakutaja wewe.

Basi nguo nimezifungua, kaka. Sirudi. Usinikasirikie, na usimwambie mtu yeyote kwamba hao ng'ombe walishatolewa.

Nisalimie wifi Eunice, nisalimie watoto mmoja mmoja, na majirani wanaoniulizia. Ukimaliza kupukuchua mahindi, njoo. Mama anauliza kila siku kama wakweze wamefika, na mimi huku sina hata mtu mmoja wa kwetu.

Ni mimi mdogo wako,
Wegesa