Turubai Jeupe la Wistin Psaila

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu kifua kilipokubana ukatutoka, na bado wapo watu wanaopunguza sauti Mama akipita.

Hukuwa mtu wa kupunguziwa sauti. Ulikuwa mtu wa kuitwa kutoka upande wa pili wa barabara. "Wistin! Yule jogoo uliyenichorea dukani, mbona anafanana na mama mkwe wangu?" Nawe ulijibu bila kusimama, ngazi begani: "Ndiyo maana wateja wako siku hizi wanaingia na adabu." Nusu ya mabango ya mji huu, kutoka gatini hadi ngazi za kanisa, yametoka mkononi mwako. Kinyozi ana mkasi wako, mwoka mikate ana jua lako lenye mashavu. Ulikula umesimama juu ya ngazi, mkate uliosuguliwa nyanya na kumiminiwa mafuta ya zeituni, kisha vidole ukavifuta kwenye suruali ambayo Mama ameifua jana yake. Alinung'unika kila mara. Ukimsikia siku hizi, hana cha kunung'unikia, na hilo halimfurahishi.

Jumapili zako zilikuwa za mpira. Uwanja si wetu, ni wa jeshi la majini la Waingereza, na ofisa wao alikataza mtu yeyote kugusa ukuta kwa brashi. Ukatafuta njia. Ulichora matangazo ya wenye maduka juu ya matanga chakavu ya mashua, asubuhi ya mechi ukayatundika kwa kamba kuuzunguka uwanja, jioni ukayakunja. "Mwingereza amekataza ukuta," ulisema. "Upepo hajaukataza." Viatu vya timu yetu vilinunuliwa kwa pesa za matanga hayo.

Halafu ikaja fainali, sisi na mabaharia.

Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wengi walikuwepo. Kipindi cha pili, jua limeshuka, tuko nyuma kwa bao moja. Mjomba Grezzju, mdogo wake Mama na mshambuliaji wetu, akabaki peke yake mbele ya goli, kipa wa mabaharia amelala kifudifudi. Akapiga nje. Uwanja mzima ukashika kichwa. Na Mjomba, badala ya kushika chake, akanyoosha mkono.

"Sikuiona milingoti! Nyeupe juu ya nyeupe! Nani kalitundika lile dude pale?"

Milingoti ilikuwa imepakwa chokaa, na nyuma yake lilikuwa turubai jeupe la soda ya limau ya Nazju Tabone. Aliyelitundika alijulikana. Soda ilikuwa ya nani, nalo lilijulikana. Tabone ni mtu wa bendi ya bluu. Sisi ni watu wa bendi nyekundu. Parokia moja, bendi mbili, kila moja na mtakatifu wake na sikukuu yake, na mtu wa nyekundu hanunui mkate kwa mwoka wa bluu hata akiwa na njaa. Mabaharia hawakuwa wamefika gatini na kombe lao kabla maneno hayajaanza.

"Kanunuliwa huyo."

"Kwa kitu gani, kwa kreti ya soda?"

"Wistin hata soda hanywi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Katuuza bure!"

Wewe ulisema neno moja tu: "Nilikosea kulitundika pale." Wakalichukua neno hilo kuwa ungamo. Mama alikuuliza jikoni, mmebaki wawili, "Wistin, yule Tabone alikupa nini?" Ukamwambia hakukupa kitu, ukageukia ukuta. Mke aliyelala na wewe kitanda kimoja miaka yote ile akaanza kukutazama mikono unapoingia mlangoni, amebeba nini huyu. Kifua kikakuchukua kabla hajapata jibu. Siku ya maziko Mjomba Grezzju alisimama nje ya mlango wa kanisa, hakuingia. Tabone hakuja kabisa.

Mwezi uliopita Tabone akabisha. Suti mpya, kofia mkononi, ananukia kama kinyozi. Mama hakumpa kiti.

"Mama Filumena, nimefikiria sana. Nataka kutoa kombe. Timu zote za mitaa, wekundu kwa bluu. Kombe la Wistin Psaila."

"Na jina la soda yako litakaa wapi?"

"Aa, kidogo tu. Pale chini."

"Chini ya jina la mume wangu, au juu yake?"

Tabone akacheka. Alicheka peke yake.

"Hutoi chupa bila kuomba irudishwe, Bwana Tabone. Kombe unalitoa la nini?"

"Ni heshima tu, mama. Heshima kwa marehemu."

"Heshima ilikuwa na nafasi yake siku ya maziko. Niliitafuta, sikuiona." Mama akafungua mlango. "Lile turubai liko wapi?"

"Turubai? Lipo, lipo stoo. La kazi gani sasa?"

Hilo la mwisho ndilo lililomwamsha Mama. Mtu anayekuja kutukuza mkono wa mchoraji, kwa nini ashtuke akiulizwa mchoro? Mama akavaa joho lake jeusi, akapita kwa Mjomba Grezzju, ambaye hakuwa amesemeshana naye tangu maziko. "Inuka. Wewe ndiye mwenye macho ya kuona nyeupe. Twende ukaione tena."

Walilitandika sakafuni stoo kwa Tabone, katikati ya makreti, mwenyewe amesimama pale. Soda ya Limau ya Tabone, herufi za kijani, na lile limau lako lenye jani moja. Mama hakusoma. Mama ndiye aliyekusagia rangi tangu mlipooana. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akarudia.

"Nene," alisema.

"Nini nene, dada?"

"Rangi. Wistin alikuwa bahili wa rangi kuliko wa kitu chochote. Hakuwahi kupaka mara mbili hata bango la padri. Hapa kapaka mara mbili."

Akachomoa pini ya nywele, akakwangua pembeni. Chini ya nyeupe ikatokea bluu. Akaenda pembe nyingine, akakwangua. Bluu. Akakwangua katikati, karibu na limau, Tabone akilalamika kwamba anaharibu mali yake. Bluu.

"Nani aliagiza bluu?"

Tabone aliitazama kofia yake. "Mimi. Bluu ya bendi yetu. Akaichora, akaimaliza. Kisha akaja kuniambia, Nazju, nikiitundika hii kwenye uwanja ulio upande wa wekundu siku ya fainali, vijana wetu wataichana kabla ya filimbi, na wa kwenu watavuka kuja kulipiza. Tutapasuana vichwa, mabaharia wamekaa wanatucheka. Nyekundu wewe hutaki, bluu mimi siwezi. Acha niipake nyeupe."

"Ukakubali."

"Nikakubali. Ila nikamwomba asimwambie mtu."

"Na mtu alipoitwa msaliti mitaani, ulikuwa wapi?"

"Mama Filumena, nielewe. Ningesema, watu wangu wangeniuliza, uliificha bluu yetu kwa kuwaogopa wekundu? Nani angekunywa soda yangu tena?"

"Kwa hiyo marehemu aibebe aibu, wewe ubebe kreti."

Mjomba Grezzju alikuwa amechuchumaa kwenye ile pembe ya kwanza, kidole juu ya bluu. "Ningelichana mimi," alisema polepole. "Kweli kabisa, dada. Ningeiona bluu hii pale uwanjani, ningekuwa wa kwanza."

"Najua. Hata yeye alijua."

Maneno ya Tabone, Baba, Mama hajayaamini yote hadi leo. Anasema mtu aliyenyamaza mwaka mzima hawezi kuimaliza kweli yote kwa siku moja. Lakini rangi ameiamini. Sasa anajua kwa nini uligeukia ukuta: ulikuwa umetoa ahadi, nawe hukuweza kumtazama mkeo usoni na kuitunza. Uliwafikiria wekundu, ukawafikiria bluu, ukafikiria vichwa vya vijana wa watu, na katika kufikiria wote hao ukasahau milingoti. Mabaharia wasingefanya kosa hilo. Lilihitaji mtu wa mji huu.

Basi tunasema hadharani, majirani wasikie.

Kombe hatulitaki. Bwana Tabone akitaka kukuheshimu, aingie klabu ya bendi yake, asimame, aseme kwa kinywa chake yale aliyoyasema stoo. Hadi siku hiyo jina la Wistin Psaila halitakaa kwenye kombe lake wala chupa yake. Turubai tumelichukua. Ametudai turudishe, hatujamrudishia. Limetundikwa kwenye roshani yetu, pembe zilizokwanguliwa zikielekea barabarani, na mwenye shaka aje na kucha zake. Mama amekaa kando yake tangu Jumatatu, akiwatazama wanaosimama na, zaidi, wanaopita haraka.

Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi. Wa nyekundu waje, wa bluu waje. Wakitaka kuketi pande mbili, waketi.

Mjomba Grezzju alikuja juzi kuomba jina lake liwekwe hapa pamoja na yetu. Mama akamwambia, "Ulimsema mkahawani, mbele ya watu. Kamsafishe jina palepale." Akaenda. Mama hakumwamini, alijifunika joho lake, akasimama nje ya dirisha la mkahawa asikilize mwenyewe. Mjomba aliusimamisha mchezo wa karata, akawaeleza juu ya bluu, na juu ya ahadi. Mmoja akamtania, "Kwa hiyo lile goli, Grezzju, ulikosa kwa kosa la nani?" Mama anasema alikuwa tayari kuondoka.

"Langu," Mjomba alisema. "Nililipiga vibaya."

Wanaokukumbuka: mkeo Filumena, mama yako Rożarja, anayeendelea kukuwekea mkate, wanao Dolor, Ninu na Stella, dada yako Ġiża na mumewe, na shemeji yako Grezzju.

U wetu siku zote, Baba, na hatutachoka kukutaja.