Shangazi Alivyomuuliza Babu

Neema mjukuu wangu,

Hapa Chanika mvua zimenyesha na mihogo imestawi. Mama yako mdogo amepata kazi, anakusalimu.

Uliniuliza kwenye simu mbona nimepoa hivi tangu tumzike babu yako. Nikakujibu ni uzee. Si uzee, mama.

Nilipokuwa msichana, babu yangu alifiwa na mkewe. Akaacha kula, akaanza kugawa nguo zake. Watu wakasema, "Mzee kachoka tu." Shangazi ndiye aliyekaa naye mkekani akamuuliza, "Baba, unafikiria kujiua?"

Sote tulishtuka. Babu akalia. "Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa naona aibu kusema."

Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake. Huzuni haikumwisha, ila aliishi mpaka akaniona naolewa.

Mie nami, Neema, asubuhi nyingine natamani nisingeamka. Leo nimemwambia mama yako mdogo. Kanishika mkono, hakunikemea. Kesho tunakwenda hospitali.

Nipigie jioni. Nitapokea, hata kama sitakuwa na la kusema.

Bibi yako